Kadi Isiyotambulika na Maabara ya Sebuleni Bilele

Siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema "asanteni" mara kadhaa, halafu nikakirudisha. Jovin, aliyekuwa mshereheshaji, aliwaambia wageni kwamba hotuba yangu ilikuwa fupi kuliko ujumbe wa kosa kwenye skrini. Ni kweli. Nimezoea kuzungumza na mashine, na mashine hazikai mkao wa kusubiri hotuba. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yenu mliobaki katika chumba cha kompyuta cha hospitali, yale ambayo ningeyasema siku ile kama watu wasingekuwa wanautazama wali. Habari za vyeo naziruka. Kibao cha mlangoni kwangu kilibadilishwa zaidi ya mara moja, na kitasa kikabaki kilekile, kigumu.

Nilipoanza kazi, hospitali yetu ya kanisa huku Muleba ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Aliyenipokea ni Mama Domitila, mpokea simu wa hospitali. Kwa kuwa hakuna aliyejua kompyuta iwe chini ya idara gani, alikuwa amekabidhiwa na hiyo pia. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa.

"Umesoma wapi?"

"Dar es Salaam, Mama."

"Vizuri. Panda juu ya meza utoe huo utando wa buibui, maana wewe ni mrefu."

Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu. Ya pili ilikuwa printa. Niliihangaikia asubuhi nzima, kisha nikaenda kwake nikiwa na wino hadi kwenye kola, nikamwambia, "Mama, imekataa."

"Imekataa, hata mjukuu wangu angeniambia," alisema bila kuinua macho kwenye ubao wake wa simu. "Mimi nimekuuliza imesema nini."

Nilirudi nikasoma kile kimstari cha maneno kilichokuwa kinapita kwenye kioo kidogo cha printa, ambacho sikuwa nimekisoma kwa sababu nilikuwa na hakika najua tatizo. Kilisema mlango wa nyuma uko wazi. Nikaufunga. Mama Domitila hakunicheka, lakini kwa muda mrefu kila nilipopita mapokezi aliniuliza kama milango yote imefungwa.

Miaka iliyofuata kompyuta ziliongezeka, nyingi zikiwa za msaada. Tulikwenda bandarini Kemondo kuzipokea, tukazipakia kwenye pikapu ya hospitali pamoja na magodoro na magongo ya wagonjwa. Kila moja ilitoka nchi yake. Kuna mwaka tulipata kibodi za Kijerumani, ambazo Z imekaa mahali pa Y na Y mahali pa Z, na mhasibu wetu akawa anawasajili watu wa Izigo kuwa wametoka Iyigo. Wagonjwa hawakulalamika. Aliyelalamika ni katekista mmoja, aliyesema jina la kijiji si la kuchezea. Kwa kazi hizo nilikuwa na bisibisi mbili, brashi ya kupakia rangi niliyoitumia kufuta vumbi, na tochi ya kushika kwa meno. Leo mna mikoba yenye zipu. Sina kinyongo.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifundisha kuliko zote, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa Jovin, na Jovin huongeza chumvi.

Maabara ya hospitali ilikuwa inatumia seva moja iliyotunza majibu ya vipimo vyote. Ilikuwa imezeeka. Feni yake ilikohoa, na Sista Gaudensia, mkuu wa maabara, alikuwa akipita karibu nayo anaigusa kidogo kama mgonjwa. Uongozi uliagiza seva mpya, na tukaelekezwa kwamba safari hii tutatumia haipavaiza, yaani programu inayoigawa kompyuta moja yenye nguvu ifanye kazi kama kompyuta kadhaa, kila moja na mfumo wake. Vizuri sana. Ila mimi na Jovin hatukuwahi kuisakinisha hata siku moja.

Jovin wakati huo alikuwa ameshakuwa fundi kamili, baba wa watoto wawili, mtu wa kujiamini sana kabla ya chai. Alisema, "Mzee Projestus, hatuwezi kujifunzia kwenye damu za watu. Tujenge maabara ya nyumbani." Ndivyo wenzetu wanavyofanya duniani kote: mtu anachukua kompyuta iliyotumika, anaiweka nyumbani, anafanya makosa yake huko. Tukanunua kompyuta ya umbo dogo pale Bukoba mjini, tukaiweka sebuleni kwangu, mtaa wa Bilele hukohuko mjini, kwa sababu Jovin alisema watoto wake wangeilisha uji.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kulitamka neno "maabara" mbele ya mke wangu. Mama Koku alilipeleka kwaya. Jumamosi iliyofuata, tukiwa tumekaa sakafuni kati ya nyaya, jirani yetu Ma Adventina alibisha hodi, akaingia kwa heshima zote, akaweka kiberiti juu ya meza.

"Kasinge waitu, Baba Koku," alinisalimia kwa Kihaya. "Nimesikia mmefungua. Hiki ni cha mjukuu, tumbo linamsumbua."

Jovin, ambaye alikuwa tayari amenyoosha mkono akidhani ni kiberiti cha kuwashia, aliurudisha polepole sana. Ilinichukua muda kumweleza Ma Adventina kwamba maabara hii haipimi choo. Alisikiliza, akaitazama kompyuta, akauliza, "Sasa inapima nini?" Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia ya ndizi, alisema, "Uvumilivu wangu." Kisha akamsindikiza Ma Adventina na mjukuu wake hadi kituo cha afya, jambo ambalo lilikuwa la maana kuliko yote tuliyofanya siku ile.

Maana sisi hatukufanya kitu. Tulichomeka flashi ya kusakinishia, mashine ikawaka, maneno yakateremka vizuri, halafu ikasimama: hakuna kadi ya mtandao iliyotambuliwa. Haikutoa kitufe cha kuendelea. Kilichobaki ni kuizima tu. Haipavaiza ile imetengenezwa kwa ajili ya seva za maofisini, na inabeba draiva za kadi za mtandao za seva hizo. Kadi za bei nafuu zilizomo kwenye kompyuta za mezani haina habari nazo. Na kompyuta yetu, kwa udogo wake, haikuwa na nafasi ya kuchomeka kadi nyingine.

"Tatizo nini?" mke wangu aliuliza.

"Haina draiva."

"Dereva? Kwani inakwenda wapi?"

Nilimweleza hivi, na mpaka leo nawaeleza wanafunzi hivyohivyo. Bibi yangu wa Ijumbi alikuwa anajua Kihaya peke yake. Daktari mgeni akija kumtibu, lazima awe na mkalimani garini. Flashi yetu ni kama huyo daktari: amekuja na wakalimani wake, wote wazuri, lakini hakuna hata mmoja anayejua Kihaya. Amefika mlangoni, amemwona bibi, amegeuza gari. Kazi yetu ni kumpata mkalimani na kumpandisha kwenye gari kabla halijaondoka, yaani kuitengeneza flashi upya ikiwa na draiva hiyo ndani yake.

"Bibi yako alikuwa anajua Kiswahili," alisema Mama Koku. "Hakutaka tu kuzungumza na wewe."

Jovin aliingia mtandaoni, akapata draiva iliyotengenezwa na mtu wa kujitolea, kwa jina lilelile la kadi lililoandikwa kwenye boksi la kompyuta. Tukaichanganya na mafaili ya kusakinishia, tukatengeneza flashi mpya, tukawasha. Ikasimama palepale.

"Imekataa," alisema Jovin.

Nilijisikia kama nimekaa mbele ya ubao wa simu wa Mama Domitila. "Imesema nini?"

"Imesema kama mwanzo."

"Basi draiva haikuiona kadi. Wewe umeiona?"

Hatukuwa tumeiona. Tulikuwa tumesoma boksi. Tukawasha kompyuta kwa flashi ya mfumo mwingine, tukaiamuru ituorodheshee vifaa vyake kwa namba zao za utambulisho: namba ya kiwanda, kisha namba ya kifaa. Kadi iliyokuwa ndani haikuwa ile ya kwenye boksi. Ilikuwa ya ukoo uleule, toleo la baadaye. Aliyetuuzia hakutudanganya, kiwanda kilibadilisha kadi na kuacha maboksi yaleyale. Tangu siku ile siliamini boksi. Nanyi msiliamini. Kiulizeni kifaa chenyewe, kwa namba.

Kwa namba tulipata draiva iliyo sahihi, na programu ya kutengeneza flashi ikaikataa mapema kabisa: ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya toleo la zamani la haipavaiza, na toleo letu jipya lilishaacha kuzipokea draiva za mtindo huo. Jovin alitaka tuilazimishe. Kulikuwa na njia ya kuilazimisha, na kulikuwa na watu mtandaoni waliojisifu wameipita. Nilimwomba anionyeshe hata mmoja kati yao aliyerudi wiki iliyofuata kusema bado inafanya kazi. Alitafuta hadi ndizi zikapoa. Tukaendelea kutafuta, tukapata draiva nyingine ya jamaa mmoja wa ng'ambo, iliyotaja namba ya kadi yetu na toleo letu, yote mawili. Tukalinganisha alama ya faili na ile aliyoitangaza mwenyewe, kuhakikisha tumepata kitu chake na si cha mtu aliyepita kati. Flashi ya asili tuliiweka kabatini bila kuigusa, tukatumia nakala.

Safari hii skrini iligeuka zambarau yote.

Mama Koku alisema ni rangi nzuri, ya Kwaresima. Jovin alifungua mdomo kusema neno lake, akaniangalia, akaufunga, akapiga picha ya skrini kwa simu na kuisoma kwa sauti. Mashine ilikuwa inasema kwamba imewekewa ulinzi wa kuwasha vitu vilivyotiwa sahihi peke yake, na draiva hii haina sahihi ya kampuni. Ilikuwa inatulinda, na ilikuwa na haki. Tukaingia kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta, tukauzima ulinzi huo, tukaishusha na haipavaiza ngazi ya kuaminiana hadi ile ya kazi za kujitolea. Nilimwambia Jovin, na nawaambia ninyi: hilo ni jambo la kufanya sebuleni kwako, kwa macho mawili yaliyo wazi, ukijua ulichokiondoa.

Ikasakinisha. Taa ya kadi ikaanza kupepesa kijani. Jovin alicheza kidogo. Mke wangu alisimama akaitazama.

"Sasa inafanya nini?"

"Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Tuipe kazi."

"Kumbe ni mwanaume," alisema, akarudi jikoni.

Tuliipa kazi. Jumamosi nyingi tulifanya mazoezi ya kuhamisha mfumo wa maabara kutoka nakala moja kwenda nyingine. Sista Gaudensia alikataza katakata kutumia majina ya wagonjwa wa kweli, kwa hiyo tukabuni. Jovin ndiye aliyebuni, na hadi leo sijamsamehe, kwa sababu mgonjwa wa kwanza alikuwa mimi, kipimo cha ujauzito, jibu ndiyo. Katika mazoezi hayo tuligundua kasoro moja ya draiva: mafaili makubwa yakipita kwa wingi, kadi ilikuwa inaganda. Taa inapepesa, lakini hakuna kinachopita. Tulijifunza kuiamsha bila kuizima mashine nzima, na tulijua kwamba ikipewa mzigo wa kiasi haina shida.

Kisha seva ya hospitali ikafa. Ilikuwa asubuhi ya kazi, foleni ya maabara imefika hadi nje, na seva mpya ilikuwa bado iko njiani kuja. Feni ilinyamaza, na ukimya ule ulituleta wote chumbani kabla simu haijalia. Nakala ya data ya usiku uliopita tulikuwa nayo. Mahali pa kuiweka hatukuwa napo, isipokuwa sebuleni kwangu.

Nilikwenda kwa Sista Gaudensia. Alikuwa anaandika majibu kwa mkono, akina mama wajawazito wamejaa kwenye benchi, na daktari wa upasuaji ametuma mtu mara ya pili kuulizia damu.

"Sista, ipo mashine. Iko Bilele. Inaweza kushika nafasi hadi mpya ifike."

"Ile ya sebuleni, iliyoletewa kiberiti?"

Habari husafiri. "Ndiyo, Sista."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya. Lakini draiva ya kadi yake ya mtandao haikuthibitishwa na kampuni yoyote."

"Imethibitishwa na nani?"

"Na mtu mmoja ambaye simjui, na mimi, na Jovin."

Aliweka kalamu chini. "Inaweza kukosea jibu?" aliuliza. "Damu ya huyu iandikwe kwa yule?"

"Hapana, Sista. Inaweza kukata njia. Ikikata, jibu halifiki. Haliwezi kufika limegeuka."

Alifikiri. Benchi lote lilikuwa linatutazama. "Basi ilete. Lakini kila jibu litaandikwa pia kwenye karatasi, na karatasi ndiyo itakayotembea kwenda wodini hadi nitakaposema basi. Na Jovin asicheze mbele ya wagonjwa."

Pikapu ilikwenda Bukoba na kurudi. Mke wangu aliifunga mashine kwenye blanketi kama mtoto anayekwenda kliniki, akaweka na mkungu wa ndizi pembeni, wa Sista. Kabla ya jioni majina ya wagonjwa yalikuwa yanaonekana tena kwenye skrini za maabara. Jina langu la ujauzito nilihakikisha mwenyewe limeondoka.

Ilishika vizuri. Halafu siku moja mchana, chumba cha eksirei kilianza kusafirisha picha zake za zamani, kubwa kubwa, kupitia waya uleule. Kadi ikaganda. Kule wodi ya wazazi kulikuwa na mama aliyekuwa anatoka damu, na kundi la damu yake lilikuwa limeshaingizwa kwenye mfumo, lakini skrini ya chumba cha upasuaji ilibaki tupu. Nilikimbia, na kwa umri wangu kukimbia ni tangazo. Nilipofika kwenye mashine, Jovin alishaanza kuiamsha kadi kama tulivyofanya mazoezi. Nilikwenda upasuaji kuwaambia wasubiri kidogo. Nikakuta hakuna anayesubiri. Karatasi ya Sista ilikuwa imefika zamani, imeletwa na muuguzi kwa miguu, na chupa ya damu ilikuwa imeshatundikwa. Yule mama alipona, na mtoto pia.

Jioni ile tuliitenga njia ya eksirei. Sista Gaudensia alikuja chumbani kwetu, akaitazama mashine ndogo.

"Imejitahidi," alisema. Alipofika mlangoni akageuka. "Karatasi yangu haihitaji draiva, Projestus."

Nilikaa kwenye kiti, nikamsikia Jovin akivuta pumzi kana kwamba ndiye aliyezaa.

Seva mpya ilipofika tuliisakinisha bila kushikana mashati, kwa draiva za kampuni yenyewe, na ulinzi wote ukiwa umewashwa. Jovin alitaka mashine ya Bilele ibaki hospitali kama akiba. Nilikataa. Niliirudisha sebuleni, ambako ikiganda anayeumia ni mimi peke yangu.

Baada ya hapo Jovin alimwandikia yule jamaa wa ng'ambo aliyetengeneza draiva. Alimshukuru, akamweleza ilikaa wapi, ilifanya nini na iliganda vipi. Tulikaa bila jibu hadi tukasahau. Kisha likaja. Jamaa alisema aliandika draiva ile kwa ajili ya kompyuta moja, yake, iliyokuwa chini ya ngazi nyumbani kwao, na hakujua kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuitumia. Aliuliza Muleba iko wapi. Alisema ile kompyuta yake ilishaharibika, kadi kama ile hana tena, kwa hiyo ile kasoro ya kuganda anaweza kuitibu, ila hana pa kuijaribia. Je, sisi tungeweza kumjaribia?

Tulimjaribia. Alituma toleo, tukalibebesha mzigo, tukamwambia lilipoangukia, akatuma lingine. Ilifika siku tulipitisha mafaili makubwa tuliyoweza kuyapata, na video yote ya harusi ya binti yangu Koku, kadi isigande. Alitoa toleo hilo hadharani, na mwishoni mwa maelezo yake akaweka shukrani, kwa Jovin na kwangu mimi, wa Kagera.

Nilimwita mke wangu aje aone. Mama Koku ni Mlutheri, mimi Mkatoliki. Tulipooana kila mmoja alibaki na kanisa lake, na tangu hapo ananichokoza kila Jumapili njia zetu zinapogawanyika pale barabarani. Alivaa miwani, akasogea kwenye skrini, akasoma jina langu polepole. Jamaa alikuwa amekosea herufi moja. Aliandika Protestus.

Mke wangu alicheka hadi akakaa. "Waitu," alisema, akifuta macho kwa khanga, "maisha yote nimeshindwa kukugeuza, na huyu kakugeuza bila hata kukuona."

Jovin alitaka kumwandikia jamaa asahihishe. Nilimwambia aache.